Flashi ya Karani wa Duara

Majina siandiki. Naandika vyeo, na kwenye machimbo yetu cheo kinatosha, kila mtu anajua nani alikuwa msimamizi wa duara lile, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na nani alikuwa mtendaji wa kijiji. Nitawataja kwa kazi zao, mmoja baada ya mwingine. Nikifika zamu yangu nitajitaja na mimi, maana nimechoka kusikia watu wakisema nilijitahidi.

Shule niliachia darasa la tano, huko kijijini Shinyanga, baba alipotaka mtu wa kuchunga. Nikaja upande huu wa Geita kuchimba dhahabu ndevu hazijakaa sawa. Nilishuka maduara miaka mingi mpaka siku matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yalipokatika na jiwe likanikalia mguu. Tulikuwa watano chini. Wanne walipanda kamba. Mmoja alirudi. Alichimba pembeni ya mguu wangu kwa mtalimbo, alipochoka akatumia mikono, akanifunga kamba kwapani nikavutwa juu nimezimia. Huyo ndiye ninayemwandika hapa. Tulikuwa rika moja lakini tangu siku ile nilimwita kaka, na mke wake nikamwita shemeji. Nilikula kwao mara nyingi kuliko kwangu.

Goti halikupona. Mtu wa goti bovu hashuki duara, kwa hiyo nikafungua steshenari palepale machimboni, banda la mabati, kompyuta mbili za mitumba na mashine moja ya kuchapa. Kompyuta ya kulia ilikuwa ya kuchapa barua, fomu na vyeti vya watoto. Ya kushoto ilikuwa ya nyimbo. Nyimbo ndizo zilizoniweka mjini, kama unaweza kuita kule mjini. Wachimbaji wanapenda muziki kwenye sabufa zao, gobogobo, kwaya, za Kongo, mchanganyiko wowote, na kila siku ya gulio wanaleta flashi. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: mezani kuna kopo la maziwa ya unga. Ukija unafunga kikaratasi kwenye flashi yako, umeandika nyimbo unazotaka, unaitumbukiza kwenye kopo, unaenda zako sokoni. Mimi natoa moja moja nachomeka. Karibu kila kikaratasi kilianza na maneno yaleyale: futa zote weka mpya.

Shida ilikuwa virusi. Flashi moja inatoka kwa mtu wa Kakola, imepita kompyuta kumi, inaingia kwangu na asubuhi mafaili yote yamegeuka vitu visivyofunguka. Nikaenda Kahama, mtaa wa Nyasubi, kuna fundi wa kompyuta pale, kijana wa Kihindi aliyezaliwa palepale, Kisukuma chake kizuri kuliko cha watoto wangu. Alikuja na laptopu yake akakaa siku nzima kwenye banda langu anaandika maneno meupe kwenye kioo cheusi.

"Mzee, hii siyo programu ya kununua," aliniambia. "Ni skripti. Mistari ishirini na kitu tu. Kazi yake ni kukaa mlangoni."

"Mlango gani?"

"Hapa unapochomekea. Kila sekunde mbili inaiuliza kompyuta: yupo mgeni? Kompyuta inasema hayupo. Baada ya sekunde mbili inauliza tena. Siku nzima, haichoki. Ukichomeka flashi tu, kompyuta inasema yupo. Inalia, halafu inaandika kwenye daftari lake siku, saa na namba ya flashi."

"Flashi ina namba?"

"Kila moja. Imewekwa kiwandani, ndani, haionekani kwa macho. Hata ukiiosha flashi yote, ile namba haitoki."

Alichomeka yake. Kompyuta ikalia ting, na kweli, mstari mmoja ukajiandika wenyewe. Akaitoa akaichomeka tena, mstari wa pili, namba ileile. Nilifurahi kama mtoto. Mimi mtu wa darasa la tano nina mashine inayowatambua watu mlangoni.

"Ikishaandika, iifute," nikamwambia.

"Ifute nini?"

"Kila kitu kilichomo. Virusi vinaondoka, na wateja wenyewe ndivyo wanavyotaka."

"Basi tuweke swali. Ikiona flashi iulize kwanza, nifute? Ndiyo au hapana."

"Siku ya gulio kopo linajaa mpaka juu. Nitakaa kujibu maswali?"

"Ni kubonyeza mara moja tu, mzee."

"We weka ifute."

Akanitazama kidogo. "Haya. Mashine ni yako."

Akaweka hivyo kwenye kompyuta ya kushoto, ya nyimbo. Ya kulia, ya kuchapa, ilikuwa inalia na kuandika tu, haifuti.

Sasa karani wa duara. Kila duara kubwa lina karani, anayeandika nani ameshuka zamu gani. Karani wa duara la kaka alikuwa mtu mtulivu, kwao Chato, mwenye shati safi siku zote. Kila asubuhi alikuja na flashi yake nyekundu, anachomeka mwenyewe kwenye kompyuta ya kulia, anachapa orodha ya zamu, anaondoka. Sikuwa nasoma orodha zake. Za nini.

Mwaka ule mvua zilizidi. Mdomo wa duara ulipasuka ufa mtu anaweza kuingiza kiganja. Ijumaa kamati ya machimbo ikatangaza duara lifungwe. Jumatatu asubuhi watu walikuwa chini. Aliyewashusha ni msimamizi, na aliyemwambia msimamizi awashushe ni mwenye duara, ambaye anakaa mjini na hajawahi kuinama kwenye shimo lolote. Kaka alipita kwangu asubuhi hiyo, kofia kichwani.

"Kiwete, umeniwekea nyimbo zangu?"

"Leta flashi, siyo kuja mikono mitupu kila siku kama mkaguzi."

"Jioni nitaleta."

"Mmefunguliwa?"

"Msimamizi anasema tuondoe viroba vya mawe vilivyobaki tu, tunatoka." Akachukua pipi kwenye meza yangu bila kuomba, akaenda.

Saa sita mchana ardhi ilitikisika mpaka karatasi zikateleza kwenye mashine. Walikuwa watatu chini, kaka mmoja wao. Watu walichimba na majembe siku hiyo na siku ya pili. Jumanne asubuhi kulikuwa bado na mtu anagonga chuma kule ndani. Mimi nililala kifudifudi nikaweka sikio, nikasikia. Kugonga kulikoma mchana. Jumatano msimamizi akatuondoa, akafunga kamba kuzunguka shimo, akasema ni hatari.

Shemeji alikwenda kwa mtendaji wa kijiji, na mimi nyuma yake nachechemea. Msimamizi tulimkuta ameshakaa kwenye kiti.

"Duara lilifungwa Ijumaa," alisema. "Mtu anayeingia duara lililofungwa tunajua anaitwaje huku."

Anaitwa nyani. Manyani ni wezi wanaoingia maduara ya watu kuiba mawe. Nyani akifia chini hakuna anayemchimbua. Jina lake linaandikwa hivyo, mke wake anakuwa mke wa nyani, na mwili unabaki hukohuko.

Shemeji alisema, "Mume wangu ulimwita wewe. Ulikuja mlangoni kwangu Jumapili jioni, nikakupa maji."

"Nilikuja kusalimia, mayu, mama yangu."

Mtendaji akakuna kidevu. Alijua, nasema alijua, lakini aliongea kama mtu anayepima kitambaa. "Kama walitumwa, nitaandika barua, mwenye duara alete mashine ya kijiko ichimbe, watolewe wazikwe. Kama walijiingiza wenyewe, mimi siwezi kuamuru. Leteni karatasi inayoonyesha walikuwa kwenye zamu. Tutakaa Jumatatu."

Karatasi ilikuwa ni ile orodha ya karani. Karani akaitwa, akaleta orodha. Ilikuwa inaishia Ijumaa. Hakumtazama mtu yeyote.

Tulipotoka pale shemeji alikaa chini kwenye jiwe, na mimi kwa kutaka kumpa moyo nikafungua mdomo. Kuna wanaume watatu wauzaji wa chai walikuwa karibu, sikujali.

"Usiogope, shemeji. Yule karani Jumatatu asubuhi alichapa kwangu. Mashine yangu inakumbuka kila flashi inayoingia. Kila moja."

"Inakumbuka?"

"Siku na saa. Haiwezi kusahau hata ukitaka."

Nilimwambia hivyo. Sikumwambia kwamba inachokumbuka ni namba tu, siyo kilichomo. Nilitaka aone kwamba kuna mtu ana kitu. Nilikwenda nikafungua daftari la kompyuta ya kulia, na kweli mstari ulikuwepo: Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, na namba ndefu. Nikaukopi kwenye karatasi nikauweka chini ya godoro. Orodha yenyewe haikuwepo, karani alikuwa anaifungulia kwenye flashi yake na kuondoka nayo.

Maneno yangu yalifika kwa msimamizi kabla ya jua kuzama. Alhamisi asubuhi mtu wake mmoja alikuja akakaa kwenye benchi la wateja. Hakuleta flashi. Alisema anasubiri nyimbo zitoke. Ijumaa alikuja tena, akakaa mpaka nafunga, anakula karanga, maganda anatupa chini.

"Mzee, hii mashine yako wanasema inashuhudia," aliniambia.

"Inapiga nyimbo."

"Ndiyo. Ibaki kwenye nyimbo."

Maneno yangu yalimfikia karani pia, hilo nilikuja kulijua baadaye. Alidhani siri imeshatoka, kwamba mashine yangu imeiona orodha yake nzima. Jumamosi alfajiri alikwenda kituoni kupanda basi la kurudi kwao Chato na mabegi yake yote. Kabla ya kupanda akamtafuta shemeji aliyekuwa anauza mihogo ya kuchemsha palepale. Akamwekea flashi nyekundu chini ya sufuria. Alimwambia maneno mawili: "Ndiyo yenyewe." Basi likaondoka.

Jumamosi ni siku ya gulio. Banda langu lilikuwa limejaa, kopo limejaa, watu wanapiga kelele, huyu anataka zake mapema ana safari ya Runzewe, yule ananiambia kikaratasi chake kimedondoka. Yule wa karanga yupo benchini. Shemeji aliingia. Kanga nyeusi kichwani, kafiwa, na mwanamke aliyefiwa kwetu hapigi kelele katikati ya watu. Akamwona mtu wa benchini. Akasema tu, "Shikamoo, shemeji," nikasema marahaba, sikuinua hata macho vizuri. Nilidhani amekuja kuulizia habari za Jumatatu.

Yeye alifanya kile alichoona wenzake wote wanafanya siku zote. Alitumbukiza flashi kwenye kopo akasimama pembeni.

Alikuwa na sababu. Nilikuwa nimemwambia mashine inakumbuka kila flashi. Akilini mwake kazi ilikuwa imeshakwisha: ikiingia tu mashine itaijua, itaishika, na yule wa karanga hataelewa kitu. Hakuhitaji kusema neno. Wewe ungesema nini, na mtu wa msimamizi amekukodolea macho?

Mimi nilikuwa natoa flashi kwenye kopo bila kutazama, kama mtu anavyochambua mchele. Nyekundu zilikuwa nyingi, za Kichina zote zinafanana. Nikaitoa. Haikuwa na kikaratasi. Wasio na kikaratasi nilikuwa nawawekea mchanganyiko wa harusi. Nikaichomeka kompyuta ya kushoto. Ting. Ikafuta. Nikaijaza mpaka pomoni, nyimbo za harusi na kwaya, nikaichomoa nikaitupa kwenye sahani ya zilizokwisha.

Shemeji akasogea. Akanong'ona, "Imeiona?"

"Nini?"

"Ile ya karani."

Nilimuuliza ipi, na wakati nauliza nilikuwa nimeshajua. Niliangalia daftari la kompyuta. Mstari wa mwisho kabisa. Namba ndefu, na mwisho wake ulikuwa uleule wa karatasi iliyoko chini ya godoro langu. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake yote sawasawa. Ilimtambua mgeni, ikamwandika, ikamfuta.

"Shemeji, nenda nyumbani," nilimwambia. "Nitakuja."

"Imeiona au haikuiona?"

"Mashine imeila."

Ndivyo nilivyomwambia. Mashine imeila. Alishika ukingo wa meza, akaondoka, na yule wa benchini akauliza kama zamu yake imefika.

Jumapili nilipanda gari mpaka Kahama. Fundi hakuwa kazini lakini nilikwenda kwao, mama yake akanipa chai, yeye akachukua flashi akaichomeka kwenye laptopu. Aliisaga kwa programu zake tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

"Ungeniletea ikiwa imefutwa tu, ningekurudishia," alisema. "Kitu kikifutwa hakiondoki siku hiyohiyo, kinabaki chini kimelala. Lakini wewe umejaza nyimbo juu yake. Umejaza flashi nzima, mzee."

"Hamna hata jina moja?"

Akanionyesha. Vipande. Orodha nusu ya mwezi mwingine kabisa, mistari iliyochanganyika na alama za ajabu. Picha ya karani na mke wake, imekatika kwenye shingo. Akaniuliza kuhusu kompyuta ya kulia, tukapanda gari pamoja kurudi, akaitafuta mle ndani. Alikuta jina la faili tu, orodha ya zamu, Jumatatu. Jina la nje. Ndani hamna.

Hakuniambia, "Si nilikwambia." Afadhali angeniambia.

Jumatatu tulikaa kwa mtendaji. Nilipeleka karatasi yangu na flashi, na fundi alikuja kusema mwenyewe, akaeleza vizuri kabisa namna skripti inavyotambua flashi, namba ya kiwandani, sekunde mbili, yote. Alisema flashi hii hapa mkononi ndiyo iliyochomekwa Jumatatu ile kabla ya jua kupanda, na faili lililofunguliwa liliitwa orodha ya zamu ya Jumatatu. Kama duara lilifungwa, karani alikuwa anachapa zamu ya nani?

Mtendaji alisikiliza. Nadhani kwa dakika moja alitaka.

Msimamizi akasema, "Chomekeni tuone."

Fundi hakutaka. Msimamizi akaichukua mwenyewe akaichomeka kwenye redio ya ofisi, ile ya betri. Wimbo wa harusi ukaanza, vigelegele, ngoma, bwana harusi anaitwa aje. Wajumbe wa kamati wakainamisha vichwa kuficha kucheka. Shemeji alikuwa amekaa sakafuni na kanga yake.

"Huu ndio ushahidi wenu," msimamizi alisema. "Karani alikuwa anakwenda kwenye harusi."

Mtendaji akasema karani aletwe. Nani amlete kutoka Chato? Simu yake haikupatikana tena. Kikao kikafungwa. Barua haikuandikwa. Wiki iliyofuata lori likaleta magwangala, yale mawe ya taka yasiyo na dhahabu, likamwaga kwenye shimo safari tatu, wakashindilia. Kwenye kitabu cha kijiji wale watatu wameandikwa walijiingiza. Kaka yupo chini ya mawe ambayo hata maskini wa machimboni hawayaokoti.

Basi hao ndio. Mwenye duara aliyetaka viroba vitolewe. Msimamizi aliyewashusha akijua ufa, na akanywa maji ya mwanamke aliyekuwa anakwenda kumfanya mjane. Kamati iliyofunga duara kwa mdomo bila kuweka mtu wa kulinda. Mtendaji aliyejua akataka karatasi. Karani aliyebadilisha orodha, ingawa huyu namwacha nusu, maana mwishoni alijaribu.

Kwa miezi kadhaa shemeji aliendelea kuniletea mihogo. Alikuwa ananitetea kwa watu. Alisema mashine zile za mitumba haziaminiki, shemeji wa watu alikuwa ananitafutia haki na mashine ikamgeuka. Nilikuwa nasikia nanyamaza. Mara moja alinipa pole mimi.

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Nilikwenda kwake mchana, nikamkuta anapukuchua mahindi kwenye ungo. Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza tangu mwanzo. Kwamba mashine haikukosea. Kwamba ilifuta kwa sababu niliiamuru ifute flashi yoyote, ya mtu yeyote, bila kuuliza.

Hakuacha kupukuchua.

"Yule fundi ndiye aliweka hivyo?"

"Fundi alitaka iulize kwanza."

"Iulize nini?"

"Nifute au nisifute."

"Wewe ukasema nini?"

"Nikasema isiulize."

"Kwa nini?"

"Foleni ilikuwa ndefu siku za gulio."

Punje zilikuwa zinadondoka kwenye ungo. Alimaliza gunzi lile, akachukua lingine, akaligeuza mkononi.

"Na siku ile uliniambia inakumbuka kila kitu."

"Nilikudanganya, shemeji."

"Usiniite hivyo tena," alisema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekuambia usikanyage hapo pamelowa.

Nikabaki kwenye kigoda. Nilitaka kusema samahani na sikujua nianze kwa kumwita nani. Jirani akapaza sauti kwamba mbuzi wameingia kwenye mihogo, naye akaweka ungo chini, akainuka akaenda kuwafukuza.